Skuta Iliyoshika Sabato

Kwetu, mtu akitaka kununua pikipiki iliyotumika, haulizi breki. Anauliza ilikuwa ya nani. Akiambiwa ilikuwa ya mwalimu, anaitikia kwa kichwa. Akiambiwa ilikuwa ya sista wa misheni, mkono unaanza kwenda mfukoni wenyewe. Halafu anapiga gurudumu la mbele teke moja, anabonyeza honi, na ukaguzi umekwisha. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Migori, na nusu ya pikipiki ninazofungua zilikuwa za masista. Kama hayo yangekuwa kweli, masista wa nchi hii wasingepata wakati wa kusali. Wangeshinda barabarani wakibadilisha gia.

Sisemi hayo mbele ya watu. Niliishia darasa la nane, na mteja akipaza sauti mimi huinamia spana. Ninachofanya ni kuandika. Nina daftari la shule ambamo kila pikipiki inayofika kibandani kwangu ina ukurasa wake: nilichofungua, nilichokuta. Naandika polepole, herufi moja moja, mpaka wenye pikipiki huchoka kusubiri. Nilianza baada ya mteja mmoja kukana kwamba injini yake ilikuja bila tone la oili. Tangu nianze, hakuna aliyekana tena.

Dada yangu amenizidi miaka sita. Mguu wake wa kulia ulidhoofika akiwa mtoto, na hutembea kwa chuma kilichofungwa kutoka chini ya goti hadi kwenye kiatu. Ni fundi wa nguo Homa Bay, ana kibanda karibu na soko, anashona sare za shule. Chumba chake kiko juu mlimani, kwa sababu vyumba vya chini karibu na ziwa vimechukuliwa na wafanyakazi wa kaunti. Kila asubuhi lazima ateremke, kila jioni apande.

Watu wa boda boda wa pale juu walimzoea vibaya. Walimnyanyua na kumpachika kwenye kiti kama gunia la omena, bila kumwuliza, mikono ikishika popote ilipofika. "Mzigo umepanda, twende!" mmoja alikuwa akipiga kelele kila asubuhi, na wenzake wakicheka upya kila asubuhi, kana kwamba mzaha huo ulizaliwa siku hiyo. Dada alivumilia hayo miaka mitatu.

Skuta haina gia ya mguu. Ina sakafu bapa ya kuweka miguu, na breki zote mbili ziko mikononi. Dada alijifunza kwa skuta ya mteja wake, kwenye uwanja wa shule, mchana mmoja tu, na akanipigia simu akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika mama.

"Sikuguswa na mtu," aliniambia. "Nimezunguka uwanja mara tisa na sikuguswa na mtu."

Lakini kuna ule mteremko. Kutoka mlangoni kwake barabara inashuka moja kwa moja, changarawe mpaka ikutane na lami, na pale chini yanapita malori ya mchanga ambayo hayamsimamii mtu. Breki ikikataa pale, hakuna pa kukwepea. Mimi sikuwaza kitu kingine. Na ndicho kitu pekee ambacho hakikutajwa na yeyote siku ile ya kwanza tulipokwenda kutazama skuta ya kununua.

Siku hiyo dada alikuja Migori na mjomba wetu, kaka ya mama. Sisi humwita nera. Nera ni mzee wa kanisa, Msabato wa miaka mingi, na zamani aliwahi kuendesha trekta kwenye mashamba ya miwa. Aliendesha msimu mmoja. Lakini tangu msimu huo hakuna mtambo duniani ambao nera hajui, na katika familia yetu hakinunuliwi chombo chenye gurudumu, hata wilibaro, kabla hajakipiga teke.

Dalali tuliyemwendea alikuwa na uwanja wake kando ya barabara ya kutokea mjini. Skuta ilikuwa ya samawati, imepakwa mafuta mpaka inateleza kwa macho.

"Mzee, karibu. Madam, karibu. Hii msiite skuta. Hii ni bibi harusi."

"Ilikuwa ya nani?" nera akauliza.

"Ya mzee mmoja wa kanisa huko kisiwani, Takawiri. Msabato kamili. Hata chai ya majani hanywi."

Nera akavua kofia. "Msabato?"

"Jumamosi hii kitu haiguswi. Wewe piga hesabu, mzee. Mwaka mzima, toa Jumamosi zote. Hii skuta imepumzika kuliko mimi! Na kisiwani barabara iko wapi? Hakuna. Sasa itachakaa wapi? Inatoka kwa nyumba, inafika kwa kanisa, inarudi, inalala."

Sikuelewa skuta hiyo ilifikaje kanisani kama Jumamosi haikuguswa. Sikuelewa pia mtu wa kisiwa kisicho na barabara alinunua skuta ya nini. Nilimtazama nera nikidhani atauliza. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kofia kifuani, kama mtu anayesomewa Zaburi.

Kisha akakagua. Alipiga gurudumu la mbele teke, akalipa na la nyuma teke lake. Akabonyeza honi mara mbili. Akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi, akakinusa kiganja, akafumba macho.

"Injini safi," akasema.

Injini ilikuwa bado haijawashwa.

Mimi nilikuwa nimeigusa kwa mgongo wa kidole tulipofika tu, kabla mtu hajanitazama. Ilikuwa na joto la chapati iliyotolewa kwenye moto muda si mrefu. Mtu huipasha skuta moto namna hiyo kabla ya mteja kufika akiogopa kwamba ikiwa baridi haitawaka. Dalali akabonyeza, ikawaka mara moja, naye akatandaza mikono.

"Na tangu Jumapili haijawashwa! Mmeona wenyewe."

Dada hakumtazama. Alinigeukia mimi. "Wewe unaonaje?"

Wote wakanigeukia. Dalali akatazama mikono yangu yenye grisi, akatabasamu. "Kumbe tuko na fundi."

"Huyu ni okewa, mtoto wa dada yangu," nera akasema. "Hufungua boda boda. Skuta ni kitu kingine."

Nilikuwa na maneno yote kichwani: joto la injini, kanisa, kisiwa. Yalibaki huko huko kama yanavyobaki siku zote. Nikasema, "Iko sawa."

Nimewacheka watu wengi katika kurasa za daftari langu, wenye mateke na wenye kunusa. Sijawahi kumdharau mmoja wao kama nilivyojidharau mwenyewe siku hiyo. Wao angalau hawakujua.

Nera akaweka mkono juu ya kiti cha skuta akaiombea. Aliomba kwa muda mrefu, akataja magurudumu, akataja wahalifu wa njiani. Nilichungulia. Aliyefumba macho kwa nguvu zaidi katika uwanja ule alikuwa dalali.

Wakakubaliana kukutana Alhamisi, kwa sababu akiba ya dada ilikuwa kwenye chama chao cha mafundi wa nguo. Dalali alikuwa amefurahi sana hata akampa kitabu cha sevisi aondoke nacho.

"Sevisi saba, zote zimeandikwa. Chukua, siz, usome hata kitandani. Mwongo anaweza kukupatia kitabu?"

Stendi, kabla hajapanda gari la kurudi, dada alinisukumia kitabu hicho mkononi.

"Niangalizie," alisema kwa sauti ndogo ili nera asisikie. "Nilikuona ukigusa injini."

Kesho yake mchana mvua ilinyesha na kazi ikasimama. Nikakaa juu ya tairi kuukuu, nikafungua kitabu.

Kitabu cha sevisi cha kweli hunuka. Kina alama za vidole, kina ukurasa ulioganda kwa oili, kina mahali fundi alipoandika akiwa ameegemea tangi. Hiki kilinukia duka la vitabu. Sevisi saba, na hakuna kidole kimoja cha grisi. Kalamu ilikuwa moja kutoka juu hadi chini. Hayo mtu angeweza kuyatetea. Kuna mafundi wasafi, ingawa mimi sijakutana nao.

Nikaanza kunakili tarehe kwenye daftari langu, kwa mwendo wangu. Mtu anayesoma haraka angepitisha macho na kuona tarehe saba. Mimi nilikaa na kila tarehe mpaka nikamaliza kuiandika, na nikiwa nayo niliinua macho ukutani.

Kibanda changu ni cha mbao zenye nyufa. Mama mwenye kiwanja ni Msabato, na kila mwaka mpya huniletea kalenda ya kanisa lao. Sizitoi zile za zamani. Napigilia mpya pembeni, zinazuia upepo. Katika kalenda hizo safu ya Jumamosi imetiwa rangi ya manjano, huwezi kuikosa.

Sevisi ya kwanza ilikuwa Jumatano. Ya pili ilianguka kwenye manjano. Nikadhani nimeshika kalenda ya mwaka mwingine, nikarudia. Manjano. Ya tatu Jumatatu. Ya nne manjano. Nilipofika ya saba mvua ilikuwa imekatika, na Jumamosi zilikuwa nne.

Aliyeandika kitabu kile alikaa mahali na kalamu yake akabuni tarehe kama mtu anayetupia kuku mahindi. Labda siku ile huyo Msabato alikuwa hata hajazaliwa. Msabato alikuja baadaye, dalali alipomwona nera amevaa beji ya kanisa kwenye koti.

Alhamisi nilifika uwanjani kabla yao, na bisibisi, spana na daftari. Njia nzima nilikuwa nimejisemesha. Nera alipofika na dada, maneno yakaanza kunitoroka moja moja. Dalali tayari alikuwa ameshika karatasi za umiliki. Dada akasogea kwenye skuta, akashika usukani, akaupandisha mguu wa chuma kwenye sakafu ile bapa. Kile chuma kiligonga plastiki. Nikasikia mlio huo nikaona changarawe, na malori.

"Ngojeni," nikasema.

"Nini tena, okewa?" nera akauliza.

"Huyo mwenyewe alikuwa Msabato?"

"Kamili!" akasema dalali.

"Basi kwa nini sevisi zake nne ni za Jumamosi?"

Dalali akacheka. Nikafungua daftari nikampa nera. Alilishika mbali na macho, akakunja uso.

"Mwandiko huu ni wa kuku." Kisha akachukua kitabu cha sevisi akalinganisha, kidole kikitembea. Kidole kikasimama. "Hii hapa. Hii ilikuwa Sabato ya makambi. Nilihubiri mimi siku hii."

"Labda fundi alikosea tarehe," dalali akasema.

"Mara nne?" dada akauliza.

Dalali akakuna shingo, akamtazama nera, akaitazama beji. "Ah, mzee. Sasa nakumbuka. Nimechanganya watu wawili. Huyu alikuwa Mkatoliki."

Nera alirudi nyuma hatua moja kama aliyemwagiwa maji. "Mkatoliki?"

"Lakini Mkatoliki mzuri!"

Mimi nilikuwa nimeshachuchumaa. Nikiwa chini na spana mkononi ulimi wangu hulegea kidogo. Skrubu za plastiki ya ubavuni zilikuwa zimeliwa vichwa. Nilipoitoa, udongo mwekundu ulidondoka vipande kama tofali, na ndani yake mlikuwa na punje za mahindi. Moja ilikuwa imeota ikakaukia mle mle. Kulikuwa pia na kamba ya mkonge iliyojikunja juu ya mhimili.

"Huu ni udongo wa huko juu Ntimaru," nikasema. "Pikipiki za kubeba mahindi kwenda mpakani huniletea huu huu. Hii skuta haijaona ziwa."

"Kwani kisiwani hawalimi?" dalali akajibu, lakini sasa hakuwa akitabasamu. Niliposogea kwenye gurudumu la mbele akaweka kiatu chake juu ya spana yangu. "Hapana, boss. Plastiki sawa. Gurudumu hapa halifunguliwi. Ukifungua, umenunua."

Nikamtazama dada. "Huendi mteremkoni na gurudumu ambalo sijaliona ndani," nikasema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mbele ya mtu nisiyemjua.

Dada akaivuta skuta ikasimama kwenye stendi yake ya katikati, akakaa kwenye kiti, nyuma kabisa. Gurudumu la mbele likainuka juu.

"Toa mguu," akamwambia dalali.

"Madam, shuka. Tusiharibiane siku."

"Nishushe basi. Ninyanyue. Watu wengi hupenda kuninyanyua." Alinyoosha mguu wake wa chuma mbele. "Atakayenigusa atakipata hiki menoni."

Waliokuwa barabarani wakaanza kusimama. Dalali akatoa kiatu chake.

Nilifungua. Breki shuu za mle ndani, zile zinazobana gurudumu, zilikuwa zimekwisha, ngozi zake hazipo, chuma kinang'aa kwa kusagana na chuma. Na ili ikamate, kuna mtu alikuwa amechomeka kipande cha bati kilichokatwa kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia. Bado kilikuwa na nusu ya picha ya alizeti. Katika uwanja tambarare kama ule, ukibana, ingeshika. Mlimani kwa dada ingeshika mara ya kwanza, na labda ya pili, mpaka bati lipate moto na kuteleza.

Sikueleza. Nilimpa dada lile bati. Aliligeuza, akaitazama ile alizeti, akalitia kwenye mkoba wake akaufunga zipu. Alishuka mwenyewe. Tulitoka uwanjani bila kuaga.

Nera alikuwa amekasirika kuliko wote. Mpaka stendi alikuwa akipiga hatua kubwa na kusema peke yake. Nilimkaribia nikidhani anataka kusikia habari za breki.

"Nimeombea skuta ya Mkatoliki," alikuwa akisema. "Kwa sauti! Mbele ya watu!"

Gurudumu lilipokuwa wazi yeye hakuinama hata kidogo kutazama.

Ilipita kama miezi miwili. Dada aliendelea kupachikwa kwenye boda boda kila asubuhi, na mimi niliendelea kutazama skuta ambazo zilikuwa za wachungaji. Kisha akasikia kwamba mama mmoja anayekaanga samaki kule chini karibu na ziwa anauza yake. Watu walimwonya. Mama huyo alifukuzwa kwenye kwaya kwa ajili ya ulimi wake na tangu hapo hana kanisa. Mimi niliposikia hivyo nilifunga kibanda nikaenda Homa Bay siku hiyo hiyo.

Hatukuuliza kitu. Alianza mwenyewe, akiwa na mwiko mkononi.

"Sikiza, dada. Imeniangusha mara mbili, moja makosa yake, moja yangu. Taa ya kushoto imekufa. Breki ya nyuma inalia kama mtoto wa jirani. Kiti kilipasuka kikashonwa, na aliyeshona alikuwa kipofu."

"Ni mimi nilishona," dada akasema.

"Basi unajua! Mnataka ama hamtaki? Samaki yangu inaungua."

Kitabu chake cha sevisi kilikuwa kimefungwa kwa mpira na kilinuka oili na sangara. Kilikuwa na miandiko mitatu tofauti. Mahali pamoja fundi aliandika kwa hasira: mwenyewe amekataa kubadilisha plagi.

"Nilibadilisha," mama akasema aliponiona nasoma. "Baada ya kuisukuma mpaka hospitali."

Nilifungua magurudumu yote mawili pale pale kwenye moshi wa samaki, na yeye alinisogezea kigoda. Injini niliikuta baridi. Iliwaka mara ya tatu, mbele ya macho yetu, bila aibu. Niliandika kurasa nne, na alipotaka kuziona nilimwonyesha. Akasema nimesahau kioo cha pembeni, kina ufa. Kweli nilikuwa nimesahau. Dada akainunua.

Nera alipopigiwa simu aliuliza swali lake. Dada akamwambia ni ya mama wa samaki. Akauliza ni wa kanisa gani. Dada akamwambia hana. Nera akasema kwamba chombo kama hicho yeye hawezi kukanyaga, na kwamba sisi vijana tutaona.

Jumamosi moja ya mwezi uliofuata nera alikuwa amelala kwa jamaa wa pale juu, karibu na dada, na usiku kulinyesha. Asubuhi viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi, njia ilikuwa tope, na kanisa liko chini mjini. Alisimama mlangoni kwa dada akiitazama skuta muda mrefu. Kisha akasema kwamba kusaidiana njiani kwenda kwa Bwana si dhambi.

Mimi nilikuwa nimetangulia chini, kama nilivyofanya kila nilipoenda kumtembelea wiki zile za mwanzo. Nilisimama kabla tu ya lami, ambako nilikuwa nimeweka jiwe moja nililolipaka chokaa, alama ya mahali pa kusimama. Niliwaona wakitokea juu. Dada ameketi wima, mguu wa chuma umenyooka sakafuni. Nyuma yake nera, Biblia kwapani, mkono mwingine ameshika begani kwa dada, macho ameyafumba kabisa, midomo inakwenda. Vijana wa boda boda waligeuza vichwa. Hakuna aliyetaja mzigo.

Breki ya nyuma ililia kutoka katikati ya mteremko, kama mtoto wa jirani, mpaka chini. Lori la mchanga likapita kwenye lami bila kupunguza mwendo. Dada alikuwa amesimama kwenye jiwe.

Nera akafumbua macho, akashuka, akavikagua viatu vyake. "Umeona, okewa?" akaniambia. "Nimeiombea njia nzima."

"Nimeona, nera."

Aliondoka na Biblia yake. Niliinama nikagusa kitovu cha gurudumu la nyuma kwa mgongo wa kidole. Kilikuwa cha moto, kama inavyotakiwa. Nikatoa daftari, nikaandika, na dada akasubiri nimalize: breki ya nyuma inalia, inashika.